Ben 10 inagoma kwenye simu: soma dalili kabla ya kugusa mipangilio

Ben 10: Protector of Earth, gemu ya mvulana Ben anayebadilika kuwa wageni, yaani viumbe wa anga, kwa saa yake ya Omnitrix, ilitoka mwaka 2007 kwa PlayStation 2, PSP (PlayStation ya mkononi), Wii na Nintendo DS. Huku kwetu wengi wanaoicheza leo hawajawahi hata kuishika PSP mkononi. Wanaicheza kwenye simu ya Android ndani ya PPSSPP, emuleta ya bure (programu inayoiga PSP) iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, na mara nyingi simu yenyewe ni ya kawaida tu, RAM ya GB 2 au 3, memori kadi imejaa picha za harusi. Inachezeka vizuri. Shida huanza siku inapogoma: mtu anakimbilia video ya "mipangilio bora", anabadili vitu kumi na tano kwa mpigo, gemu inazidi kuharibika, na sasa hajui kipi kati ya hivyo kumi na tano ndicho kilichoiharibu.

Mipangilio ya mwenzako imepangwa kwa chipu ya mwenzako. Kwa hiyo anza kwa kufuta yote: ingia kwenye mipangilio ya PPSSPP, sehemu ya System, bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya mwanzo ("Restore PPSSPP's settings to default"). Halafu nenda Graphics, washa kihesabu cha FPS (idadi ya fremu kwa sekunde) pamoja na asilimia ya kasi, vionekane pembeni mwa kioo unapocheza. Kuanzia hapo badili kitu kimoja, cheza dakika chache, ndipo uguse kingine.

PPSSPP haiioni gemu, au inakataa kuifungua

PPSSPP inasoma faili za gemu za aina ya ISO, CSO na PBP, na matoleo ya karibuni yanasoma CHD pia. Faili la RAR au 7z halitafunguka mpaka ulikunjue kwanza kwa programu kama ZArchiver. Kuna wanaobadilisha jina tu, wanafuta .rar wanaandika .iso. Jina limebadilika, kilichomo ndani ni kilekile.

Angalia na ukubwa. Diski ya PSP, ile UMD, mwisho wake ni GB 1.8. Ukiona ISO ya "Ben 10 PSP" yenye GB 3 au 4, hiyo si ya PSP, huenda ni ya PS2 au Wii, na PPSSPP haitaifungua hata ukiipigia magoti. PS2 ina emuleta zake, nyingi zinataka BIOS (programu ya ndani ya mashine yenyewe) na simu yenye nguvu zaidi. PPSSPP haihitaji BIOS, kwa hiyo anayekuambia utafute BIOS ya PPSSPP amechanganya mambo.

Upande wa pili kuna "Ben 10 iliyobanwa sana", MB chache tu, ikikutaka ujaze fomu ili upewe nywila. Ndani hamna gemu. Kuna na zile APK zenye picha ya Ben zinazoomba ruhusa ya kusoma SMS zako. Ukizingatia kwamba pesa zetu zinakaa kwenye laini ya simu, hiyo futa hapohapo bila kujadiliana nayo. PPSSPP ni programu halali, ipo Play Store na kwenye tovuti yake ya ppsspp.org, lakini haiji na gemu yoyote, na gemu ina mwenyewe. Njia safi ni kuwa na UMD yako na kuinakili kwa kutumia PSP. Ile PPSSPP Gold yenye ikoni ya dhahabu ni ya kulipia, na ndani ni sawa na ya bure. Ni njia ya kumchangia aliyeitengeneza, haitaongeza kasi ya gemu yako.

Ikiwa faili ni sahihi na bado halionekani kwenye orodha, simu ina Android 11 au zaidi, basi shida ni ruhusa. Tangu toleo la 1.12 PPSSPP inakuomba uichagulie folda. Bonyeza kitufe cha kuvinjari, ielekeze kwenye folda lililo na ISO, ipe ruhusa. Kulitupa faili kwenye Download na kungoja lijitokeze lenyewe hakusaidii.

Inafunguka, kisha kioo cheusi

Hapa swali ni moja: unasikia sauti?

Ukisikia muziki au kelele za menyu huku kioo ni cheusi, gemu inakwenda, kilichoshindwa ni uchoraji. Nenda Graphics, badili "Backend" kutoka Vulkan kwenda OpenGL, au kinyume chake; hizo ni njia mbili za kuchora picha. Programu itajifunga na kuanza upya, hiyo ni kawaida. Simu zenye GPU (chipu ya kuchora picha) za Mali, hasa za zamani, madereva yake ya Vulkan, yaani programu zinazoiendesha chipu hiyo, mara nyingi yana matatizo. Kwenye GPU za Adreno, Vulkan kwa kawaida hutulia zaidi. Halafu hakikisha "Skip buffer effects" imezimwa. Video nyingi zinasema iwashwe kwa sababu inaongeza kasi, na kweli inaongeza. Lakini inafanya hivyo kwa kuruka hatua ambayo gemu nyingi zinaitegemea ili kuonyesha picha, na malipo yake ni weusi, au moto wa Heatblast, mgeni wa moto, kupotea, au menyu kuonekana nusu.

Weusi wa kimya kabisa, bila sauti, mara nyingi ni dalili ya faili bovu. Upakuaji ulikatika bando lilipoisha, au memori kadi inakula data. Njia ya kujua ni kuhamishia faili kwenye hifadhi ya ndani ya simu, au kulijaribu kwenye simu ya mwenzako. Likigoma huko pia, hakuna mpangilio utakaoliponya. Likikubali huko, kadi yako ndiyo ya kulaumiwa, na kadi inayoharibu gemu leo kesho itaharibu picha za mtoto. Hamisha vitu vyako.

Inaenda polepole

Hili ndilo lalamiko namba moja, na chini yake kuna magonjwa manne au matano yasiyofanana. Ndiyo maana nilisema uwashe asilimia. Asilimia 100 maana yake emuleta inakwenda kwa mwendo uleule wa PSP. Ikiwa 60, Ben anatembea kama yuko ndani ya maji, na muziki unavutika.

*Chini ya 100 tangu mwanzo, kila mahali.* Simu inabebeshwa mzigo mkubwa. Mtuhumiwa wa kwanza ni "Rendering resolution". PSP ina kioo cha 480×272, yaani pikseli 130,560. Ukiweka 2x unachora mara nne ya hizo. Ukiweka 3x ni mara tisa, zaidi ya milioni moja kwa kila fremu. Video ya yule jamaa ilikuwa na 5x kwa sababu simu yake inaweza. Kwenye simu ya kioo cha 720p, 2x inapendeza vya kutosha, na gemu hii imechorwa kikatuni, rangi bapa na mistari myeusi pembeni, kwa hiyo hata 1x haiudhi macho. Shuka mpaka 1x uangalie asilimia. Ikipanda hadi 100, umepata jibu, sasa jaribu 2x. Isipopanda hata kidogo, tatizo si GPU. Angalia kama simu iko kwenye hali ya kuokoa betri, kwa sababu hali hiyo inaibana CPU, chipu kuu ya simu, makusudi, na watu wengi huisahau imewashwa tangu asubuhi.

*Inaanza 100, baada ya dakika ishirini inashuka.* Joto. Simu ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hakuna kitufe ndani ya PPSSPP cha kuizuia. Shika mgongo wa simu karibu na kamera. Ukitaka kuondoa kidole haraka, ndiyo hiyo. Vua kava la mpira. Usicheze ikiwa kwenye chaji, maana chaji na gemu vyote vinatoa joto kwa pamoja. Punguza mwanga wa kioo. Mtu wa Dar mwezi wa Februari, chumba kisicho na feni, atapata gemu tofauti na mtu wa Njombe mwenye simu ileile, na wote wawili wataapa kwamba mipangilio yao ndiyo sahihi.

*Iko 100, lakini inaganda nukta moja kila kinapotokea kitu kipya.* Adui wa aina mpya akiingia, au ukibadilika kuwa mgeni ambaye hujamtumia tangu uwashe gemu, gemu inasimama kidogo kisha inaendelea. Mara nyingi hapo emuleta inaandaa namna ya kuchora kitu hicho kwa mara ya kwanza. Ukirudia eneo lilelile inatulia. Lakini kama umewasha kukuza teksucha (picha zinazofunika vitu vya gemu), "Texture scaling" au "Upscale level" kutegemea toleo, zima. Kazi ile inafanywa na CPU, ni nzito, na kwenye simu ndogo haina faida yoyote unayoweza kuiona kwa umbali wa mkono.

*Iko 100 na bado mwendo unarukaruka.* Umewasha "Frame skipping". Umeiambia isichore baadhi ya fremu, nayo imetii. Iweke sifuri. Ikibidi kabisa, weka 1, lakini ujue kwamba kwenye pambano la bosi fremu usiyoionyeshwa inaweza kuwa ndiyo ya konde linalokuja usoni.

*Inasimama sekunde kadhaa wakati wa kuingia hatua mpya.* Kadi ya polepole tu. Peleka faili hifadhi ya ndani.

Sauti inakwaruza, au inachelewa

Sauti ya kukwaruza karibu kila mara ni kasi iliyo chini ya 100 ikijitangaza kwa njia nyingine. Tibu kasi kwanza, usiguse mipangilio ya sauti. Ikiwa kasi iko sawa na konde linasikika baada ya kupigwa, na umevaa spika za masikioni za bluetooth, ndizo zenye kuchelewesha. Chomeka za waya.

Vidole havitii

Kwenye PSP mchezaji ana vitufe vya kweli vinavyobonyea. Kwenye kioo hakuna kinachobonyea, na gemu ya kupigana haina huruma na jambo hilo.

Dalili ya kawaida: unakimbia na kupiga sawa, lakini ukiongeza kidole cha tatu, cha L au R, kimoja kinaachia. Baadhi ya simu za bei ya chini kioo chake kinatambua vidole viwili tu kwa wakati mmoja. Unaweza kuthibitisha bila kupakua chochote: kwenye "Developer options" za Android washa "Pointer location", weka vidole vitatu kwenye kioo, usome idadi inayoandikwa juu. Ikigoma kwenye 2, hakuna mpangilio utakaokupa kidole cha tatu. Padi ya kuchezea ndiyo dawa.

Ikiwa kioo kinapokea vitano au kumi na bado unakosea, panga vitufe upya. Nenda "Edit touch control layout", vuta L na R uvishushe kutoka kwenye kona za juu. Pale juu ndipo paneli ya arifa inapofungukia, na hakuna kinachouma kama kuburuta arifa chini wakati Vilgax, adui mkuu wa Ben, yuko mbele yako. Pia ukiwa unatumia uelekezaji wa kutelezesha pembeni, kidole gumba kikitoka nje kidogo simu inadhani unarudi nyuma, na menyu ya PPSSPP inafunguka katikati ya vita. Badilisha kwenda vitufe vitatu vya chini kwa muda wa kucheza. Kuza vitufe vinne vya kulia mpaka usilazimike kuviangalia.

Kuna mahali gemu hii inaonyesha alama ya kitufe kwenye kioo, hasa mapambano ya mabosi, na inakutaka ukibonyeze mara moja. Wengi wanashindwa hapo na kudhani PPSSPP inachelewa. Mara nyingi kinachochelewa ni macho: alama inatokea katikati, unashuka kutafuta pembetatu iko wapi, muda umeisha. Unapoingia kwenye bosi weka kidole gumba cha kulia katikati ya vitufe vinne, usikitoe.

Padi ya bluetooth au ya waya kwa OTG (kuchomeka kifaa kwenye tundu la chaji la simu) inamaliza karibu yote haya. Isiposomwa, angalia mambo mawili. OTG kwenye baadhi ya simu inabidi iwashwe kwenye mipangilio, na nyingine huizima yenyewe ikikaa bila kutumika. Padi nyingi za bei rahisi pia zina hali kadhaa, ya Android, ya iOS, ya kompyuta, na zinabadilishwa kwa kushikilia kitufe cha Home pamoja na kingine. Iweke ya Android, kisha ukapange vitufe kwenye "Control mapping". Ikiwa X inakataa na duara inakubali kwenye dirisha la kuseva (kuhifadhi ulipofikia), tafuta "Confirmation button" sehemu ya System.

Nilikofikia pamepotea

Hapa panauma kuliko kasi, kwa hiyo twende taratibu. Kuna kuseva kwa aina mbili, na zinachanganywa kila siku. Moja ni kuseva kwa gemu yenyewe, inakaa ndani ya PSP/SAVEDATA. Nyingine ni "Save state" ya PPSSPP, picha ya kumbukumbu yote ya emuleta kwa sekunde ile, inakaa ndani ya PSP/PPSSPP_STATE. Save state ni tamu kabla ya bosi. Lakini ya toleo la zamani inaweza kukataa kufunguka baada ya kusasisha programu, na ukiishi kwa save state tu wiki nzima hitilafu ndogo iliyonaswa mle unaibeba kila unapoifungua. Seva kwa gemu yenyewe kila inapokupa nafasi. Save state iwe ya ziada.

Imepotea baada ya kufuta programu na kuiweka upya? Inategemea folda uliyochagua siku ya kwanza. Ukichagua folda yako mwenyewe, bado ipo, ielekeze PPSSPP hukohuko tena. Ukichagua hifadhi ya binafsi ya programu, ile iliyo chini ya Android/data, imeondoka na programu. "Futa data" kwenye mipangilio ya simu inafanya vilevile, na mafundi simu wanaipenda sana hiyo kama dawa ya kila kitu. Kabla hujampelekea simu, nakili folda la PSP pembeni.

Imepotea baada ya kubadilisha faili la gemu? Tazama utambulisho wake. Toleo la Marekani huanza na ULUS, la Ulaya ULES, na kila moja linatafuta seva, yaani faili la ulipohifadhi, yenye utambulisho wake. Ukianza na la Marekani, kisha ukapewa la Ulaya, litakuonyesha gemu mpya tupu huku seva yako imelala salama folda la jirani. Rudisha faili la mwanzo.

Imepotea baada ya kupigiwa simu? Simu zenye RAM ndogo huiua programu iliyo nyuma mara tu unapopokea. Ondoa PPSSPP kwenye orodha ya programu zinazobanwa kuokoa betri, na uifunge kwa kufuli kwenye orodha ya programu za karibuni kama simu yako ina kitufe hicho. Au cheza simu ikiwa kwenye hali ya ndege, isipigiwe na mtu.

Yanayofanana na ubovu lakini ni gemu yenyewe

"Ben anarudi kuwa mtoto katikati ya pambano." Nishati ya Omnitrix imekwisha. Ndivyo saa ile ilivyo tangu katuni ilipoanza mwaka 2005: ina kikomo, na inakutupa pabaya. Usimalize nishati kwa adui wadogo. Ben mwenyewe anaweza kupiga, polepole.

"XLR8 hayumo, faili langu limekatwa." Halijakatwa. Hadithi inaanza na Ben kunyang'anywa wageni, na unawapata tena kadiri unavyosonga mbele. Wanaochezwa ni watano: Fourarms, Heatblast, XLR8, Cannonbolt na Wildvine. Ukitafuta Diamondhead utazeeka.

"Kamera haizunguki." Imefungwa na waliotengeneza gemu. PSP haina hata kijiti cha pili cha kuizungushia, kwa hiyo usipoteze jioni kwenye "Control mapping" ukikitafuta.

"Nimekwama, hakuna njia." Kabla ya kulaumu faili, badili mgeni. Fourarms ana nguvu, Heatblast ana moto, XLR8 ana mbio, Cannonbolt anajiviringisha, Wildvine ana mikono mirefu ya mmea, na kizuizi kilicho mbele yako kimewekwa kwa ajili ya mmoja wao. Ukishawajaribu wote ulionao na bado hakuna kinachosogea, toka, ingia tena kutoka kwenye seva ya gemu, si save state, ucheze eneo hilo upya. Kama ulikuwa umewasha "cheats", yaani zile kodi (code, maandishi ya siri) za kuiba maisha au nishati, zizime kwanza. Kodi ya ULUS ikiingizwa kwenye ULES inaandika mahali pasipo pake ndani ya kumbukumbu, na mlango usiofunguka ni mojawapo ya mambo madogo yanayoweza kutokea.